Kona Mbichi ya Ziwa: Taisia Prokhorovna Shubina, 1940–2023

Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake, Glafira Prokhorovna, nyumbani Zarechino, Jumatano tarehe 11 Oktoba 2023, kabla ya kwenda makaburini.

Taisia Prokhorovna Shubina, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu hata baada ya nyinyi wenyewe kuota mvi, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1940 katika nyumba hii hii ya Zarechino, mkoa wa Tver. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Prokhor Ladygin na mkewe Akulina. Mama alisimulia kwamba siku hiyo dirisha lilikuwa wazi, na jani moja la mbetula, ule mti wa gome jeupe, likiwa manjano tupu, likaingia ndani likatua juu ya shuka la mkunga. Mkunga alitaka kulitupa. Mama akamwambia aliache, limekuja kumwona mtoto. Mwaka uliofuata Baba alikwenda vitani asirudi, na mdogo wa Taisia akazaliwa Februari 1942 bila kumwona. Basi nyumba hii ikabaki na wanawake watatu, jiko moja kubwa la matofali, na harufu ya kitani kilicholowekwa bwawani, ambayo kila mtu wa hapa anaijua.

Alianza shule hapa kijijini mwaka 1947. Kila Pasaka Mama alipaka jiko chokaa likawa jeupe, na kila baada ya Pasaka Taisia aliokota kipande cha mkaa akachora mibetula juu yake. Hakuhitaji kutafuta rangi nyeupe ya magome, chokaa ya Mama ilimtosha. "Mimi nimepaka jiko, huyu kanipandia msitu!" Mama alisema. Mara ya kwanza alimchapa. Mara ya pili alimkemea. Mara ya tatu alivuta kiti, akakaa, akatazama mpaka viazi vikaungua.

Kuanzia 1956 hadi 1960 alisomea ualimu wa uchoraji mjini. Huko alifundishwa na mzee mmoja mwenye kikohozi, Innokenty Lvovich, ambaye alimkataza kugusa rangi nyeupe kwa mwaka mzima.

"Weupe unauona wapi, binti?" alimuuliza.

"Kwenye gome la mbetula, Mwalimu."

"Nenda katazame tena."

Taisia alitazama wiki mbili. Aliporudi, alikuwa amechora gome lenye buluu upande wa kivuli, waridi upande wa jua, majivu chini penye unyevu, na ukijani kidogo pale ambapo maji yalilitupia mwanga. Nyeupe yenyewe ilikuwa uzi mmoja tu. Tangu siku hiyo alikuwa akiiweka nyeupe mwisho kabisa, tena kidogo, kama mtu anavyotia chumvi. Wanafunzi wake mliokaa hapa mnalijua somo hilo, maana mlilipata kwa rula vidoleni.

Alifundisha katika shule ya Zarechino tangu Septemba 1960 hadi alipostaafu mwaka 1995. Lakini kazi yake ya moyoni ilikuwa ile ghuba ndogo nyuma ya kinu cha kitani, penye mibetula minane. Kila vuli, majani yalipogeuka manjano na kuanza kupukutika, alibeba sanduku lake la rangi za mafuta akaenda huko kabla ukungu haujainuka. Alikaa kimya mpaka bata wakamsahau. Alisema kuna dakika chache, ukungu ukiwa unang'oka, ambapo miti ya juu inafifia na miti iliyo ndani ya maji inakolea, na mtu hajui tena ni ipi iliyoota na ipi inayoota ndotoni. Hapo majani huanguka kutoka juu na mengine hupanda kutoka chini, yanakutana juu ya maji, na ziwa halitingishiki. Alikuwa akitafuta dakika hizo maisha yake yote. Mdogo wake alikwenda naye mara moja, akaona maji, akaona miti, akasikia baridi miguuni, akarudi nyumbani.

Kondrat Yemelyanovich Shubin, fundi wa kujenga majiko, aliletwa shuleni Februari 1964 kwa sababu jiko la darasa la Taisia lilikuwa likitoa moshi. Mazungumzo yao ya kwanza yalisikiwa na darasa zima, na yamekuwa yakisimuliwa hapa kijijini tangu hapo.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi. Na hiyo uliyochora ubaoni ni mibetula au mifupa?"

"Ni mibetula. Na hilo ulilotujengea ni jiko au treni?"

"Hilo alijenga mwingine, Mwalimu. La kwangu halitoi moshi, na mimi sitoi maneno."

Jiko lilipona siku hiyo hiyo. Hata hivyo fundi alirudi mara tatu kulikagua, akaligusa kwa kiganja, akaguna, akaondoka. Mara ya nne alikuja amevaa shati la sikukuu. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1964, na mwaka 1966 wakampata mtoto wao wa pekee, Savva.

Kondrat alikuwa mume mwema, na dada hakuwahi kusema vinginevyo. Lakini lazima isemwe, maana marehemu hakupenda picha zilizolainishwa: kwa miaka saba ya kwanza hakukanyaga chumba cha kuchorea. Alisema kinanuka tapentaini ya kuyeyushia rangi. Picha ikikamilika, Taisia aliishika mlangoni, Kondrat akaitazama kama mtu anayetazama hali ya hewa, akasema, "Nzuri," akaendelea na supu. Jambo hilo lilimuuma dada. Alimwambia mdogo wake siku moja, wakimenya uyoga, "Glasha, nimeolewa na mtu mwenye macho mazuri kuliko yote Zarechino, na hayajawahi kukaa juu ya kitu changu hata dakika moja."

Mwaka 1971 ilikuja barua kutoka chama cha wachoraji cha mkoa. Alete picha moja kubwa kwenye maonyesho ya Desemba. Ikikubaliwa, atakuwa mwanachama, apewe rangi, turubai la kuchorea, na chumba cha kufanyia kazi mjini. Taisia aliisoma barua ile hadi ikachanika kwenye mikunjo. Akatengeneza turubai kubwa la mita moja, akaweka tayari chupa yake ya mafuta ya kitani ya kuchanganyia rangi, akakataza mtu yeyote kuigusa. Kisha Ijumaa tarehe 24 Septemba, mchana, akaenda ghubani kuchagua mahali pa kukaa.

Nyumbani walibaki Kondrat na mdogo wa Taisia, na sufuria ya viazi vipya vilivyochemshwa. Hapa kwetu mafuta ya kitani ni ya kuchorea kwa wachoraji wachache, na kwa watu wengine wote ni ya kumiminia juu ya viazi vya moto, na chumvi ya mawe, na kitunguu.

"Shemeji," Kondrat alisema, "viazi vikavu hivi vitatukaba."

"Mafuta yapo, ila ni ya dada."

"Tone tu."

"Tone tu, shemeji, nami usininyime."

Tone likaita tone. Walipokumbuka kuitazama chupa ilikuwa tupu, na kinu cha kukamulia kilikuwa kimefungwa hadi katikati ya Oktoba. Kondrat alikuna kichwa, akaenda jikoni, akachukua mafuta ya alizeti ya kukaangia, akaijaza chupa ya Taisia hadi shingoni. "Mafuta ni mafuta," alisema. "Kitani si ua? Alizeti si ua?" Hakujua, wala aliyekula naye hakujua, kwamba kitani hukauka kikashika rangi, na alizeti hukaa mbichi miezi na miaka.

Kwa asubuhi tatu Taisia alichora pale ghubani. Wiki mbili zaidi alimalizia nyumbani. Ilikuwa picha bora ya maisha yake, na ndiyo mnayoiona hapa, kichwani pa jeneza lake. Mibetula minane, wa tatu umeinama; maji ya rangi ya chai iliyokolea; na ule ukungu unaong'oka. Anayesoma wasifu huu si mtu wa kupenda picha, lakini mbele ya hii huwa anashusha sauti.

Desemba theluji ilikuwa ikianguka, na Kondrat aliifunga picha kwa magazeti ili isilowe. Ilisafiri kwa muda wa saa tano kwenye lori. Ilipofunguliwa mjini, magazeti yalikuwa yameng'ang'ania rangi, na yalipobanduliwa yaliacha mistari mitatu ya herufi, kinyumenyume, juu ya ziwa. Mabwana wa chama waliitazama muda mrefu. Mmoja alisema, kwa upole kabisa, "Mama, picha yako bado mbichi. Ilete ikikauka." Taisia aliirudisha nyumbani, akazifunika zile herufi kwa majani yanayoelea, akaitundika katika chumba chake cha kuchorea. Mwaka uliofuata hakwenda. Wala mwaka wa baada ya huo. Hakuwa mwanachama wa chama chochote hadi kufa kwake.

Kondrat hakusema kitu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya hawa walaji wawili wa viazi ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Tver. Mara nyingi mdogo wa Taisia alimwambia, "Shemeji, tumwambie." Naye alijibu, "Ikikauka nitamwambia. Mwache kwanza ikauke." Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kutoka na mwiko na ndoo yake, aliingia chumba kile alichokikwepa miaka saba, akagusa kona ya chini ya picha, mkono wa kulia, pale penye maji. Kisha alikitazama kidole. Kilikuwa na buluu. Aliguna, akakifuta kwenye suruali, akasimama.

Mwanzo alisimama kwa sababu ya aibu. Lakini mtu hawezi kusimama mbele ya ziwa kila siku asilitazame. Baada ya muda akaanza kusema.

"Tasya, mti wa tatu umeinama mno."

"Umeinama kwa sababu umeinama. Nenda kauone."

"Nitakwenda."

Akaenda kweli. Akarudi jioni akasema, "Umeinama," akakaa kunywa chai na mkewe katika chumba kinachonuka tapentaini. Mwaka uliofuata alijua jina la kila rangi. Miaka kumi baadaye alikuwa akibishana naye kuhusu kivuli, tena wakati mwingine alikuwa sahihi. Walizoea kukaa hapo kila asubuhi, wawili, vikombe viwili, mbele ya vuli isiyoisha, hata nje theluji ikiwa imefika dirishani. Savva, mwana wao, alikua akidhani kila baba duniani ana kidole cha buluu. Majirani walidhani ni dawa ya chunjua.

Tarehe 17 Novemba 2022 Taisia alipata kiharusi, na mkono wake wa kuume ukafa. Kuanzia siku hiyo Kondrat hakuingia tena chumba cha kuchorea. Alikuwa na mtu wa kumtazama. Alikisogeza kitanda cha mkewe karibu na jiko alilolijenga mwenyewe, akamlisha uji kwa kijiko, akamsuka nywele vibaya. Mara nyingi dada alilala macho wazi, akisema yuko ghubani na maji yamepanda hadi kwenye shuka, lakini si baridi. Mjukuu wake Uliana alikuja kutoka Tver na kumsomea. Dada alisikiliza kidogo, kisha akauliza kama majani yameanza.

Ijumaa iliyopita, tarehe 6 Oktoba, mchana, jua likiwa limeingia mpaka kitandani, Kondrat alikaa ukingoni mwa kitanda, akakohoa. Mdogo wa Taisia alikuwa akimimina chai, na yote yanayofuata aliyasikia kwa masikio yake.

"Tasya, nina neno."

"Sema, mzee wangu, kabla sijalala."

"Ile picha. Mafuta yako ya kitani. Niliyala mimi, na viazi. Nikakujazia alizeti."

"Uliyala na nani?"

Kondrat alinitazama. "Peke yangu."

"Muongo. Glasha alikuwepo. Nilirudi nikawakuta mmekaa kama watakatifu kwenye ukuta wa kanisa, na midomo inang'aa."

Birika nusura liniponyoke. Naomba radhi kwa kusema "mimi". Nilijaribu kulikwepa neno hilo tangu mwanzo, limenishinda.

"Ulijua?" Kondrat aliuliza.

"Nilifungua chupa asubuhi, nikanusa. Pua ninayo."

"Sasa ukachoraje nayo?"

"Kinu kimefungwa na majani yanaanguka. Ulitaka niyaambie yangoje?"

Kondrat aliinamisha kichwa, machozi yakaanza kumtoka, mzee wa miaka themanini na sita. "Wale wa mjini walikukataa kwa sababu yangu. Miaka hamsini na miwili, Tasya. Kila asubuhi nilikuwa naigusa, haijakauka. Kila asubuhi nilijiambia, tazama ulichomfanyia mkeo."

Dada alikuwa akicheka, kwa ule upande mmoja wa uso uliobaki.

"Ilikauka, Kondrat. Ilikauka mwaka wa sabini na nne."

"Haikukauka! Na kidole changu je?"

"Nilikuwa naipaka ile kona. Kila vuli na kila Pasaka, ukishatoka na ndoo yako. Buluu kidogo, alizeti nyingi."

"Kwa nini, mwanamke wewe?"

"Kwa sababu ungeacha kuja."

Chai ilipoa. Kisha Kondrat alimwambia kwamba yeye ni mchawi, naye akamwambia kwamba yeye ni mlafi, wakashikana mkono ule ulio hai. Aliniambia na mimi nisogee karibu, akanifuta mdomo kwa kidole gumba, kana kwamba mafuta yalikuwa bado yapo. Nimeishi miaka themanini na moja na sijawahi kusamehewa vizuri namna hiyo.

Taisia Prokhorovna alifariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, saa moja na nusu asubuhi, wakati ukungu unang'oka. Alikuwa na umri wa miaka themanini na tatu na siku saba. Alikuwa amemwomba Uliana amfungulie dirisha, na hatukulifunga.

Ameacha mume wake, Kondrat Yemelyanovich, aliyeishi naye miaka hamsini na tisa. Mwana wake Savva na mkewe Rimma. Mjukuu wake Uliana, ambaye amerithi sanduku la rangi. Mdogo wake, aliyebaki sasa peke yake kati ya wale wanawake watatu wa nyumba hii, na asiyejua atagombana na nani. Na watu wazima wengi wa Zarechino waliofundishwa naye kwamba nyeupe huja mwisho. Atalazwa karibu na Mama, chini ya mibetula, na baada ya hapo nyote mnakaribishwa hapa kwa chapati nyembamba, ngano ya asali, na viazi. Ardhi iwe nyepesi juu yako, dada, na maji yako yatulie.

Limebaki tangazo moja. Leo asubuhi, kabla hamjafika na kabla picha haijaletwa hapa, Kondrat aliingia chumba cha kuchorea kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Aligusa ile kona, akakitazama kidole. Kilikuwa kikavu. Alisimama pale muda mrefu, kisha akaenda jikoni, akarudi na chupa ya alizeti, akatafuta buluu katika sanduku la Uliana. Kwa hiyo mtakapopita kumuaga Mwalimu, tunawaomba msiiguse picha pale chini, mkono wa kulia. Bado mbichi.